Mwenye Haraka Hachagui: Kutoka Shanga za Kafuro Hadi Kishikwambi cha Kayanga

Ndugu msomaji, mwezi wa pili nilikuwa nyumbani Kyerwa. Baba mdogo alikuwa amenipigia simu wiki moja kabla. "Mwanangu," alisema, "wewe wa mjini unazijua hizi mashine. Dada yako anaanza chuo mwezi wa tatu, ameambiwa awe na kishikwambi. Njoo tukachague."

Nikaenda na daftari. Nilikuwa nimeandika kila kitu: bei, ukubwa wa kioo, hifadhi, betri. Tukapanda gari Nkwenda, tukapita Omurushaka, tukashuka Kayanga. Dukani kijana akatuwekea viwili juu ya meza ya kioo. Cha kwanza shilingi 290,000, inchi 7, hifadhi gigabaiti 32. Cha pili shilingi 420,000, inchi 10, gigabaiti 64. Nikaanza kusoma tarakimu zangu kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Baba mdogo aliniacha nimalize. Kisha akauliza ya kwake. Kinashika laini, au kinataka intaneti ya mtu mwingine? Kinakaa na chaji siku ngapi? Chaja ya simu yangu inakiingia? Kioo kikipasuka, nani hapa Kayanga ana kingine? Na miaka mitatu ijayo kitakuwa bado kinafungua hayo mambo ya chuo? Yule kijana, ambaye kwangu alikuwa anajibu huku anachezea simu, akaiweka simu chini.

Halafu likaja swali la sita: "Mwezi wa sita bei itakuwa hii hii?"

Kijana akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua linatoka wapi. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini, na kule kijijini palikuwa na bwana mmoja aliyekwisha kuja na pesa mkononi. Alikuwa tayari kutoa 420,000 siku hiyo hiyo, naye alipwe magunia manne ya kahawa wakati wa mavuno. Kwa bei ya msimu uliopita, magunia mawili yangetosha. Biashara hiyo kwetu inaitwa butura: kuuza kahawa ingali ua au ingali kijani. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini haijafa.

Tulipotoka nje nilimwuliza kayatoa wapi maswali yale. "Hivyo ndivyo babu yako alivyonunua redio," akanijibu, basi. Jibu hilo likanikaa kichwani. Nikaanza kuifuata habari hii nyuma, kwenye vitabu na kwa wazee, nikajikuta nimefika mbali kuliko redio.

SHANGA ZISIZOTAKIWA

Sisi vijana tuna tabia ya kudhani kwamba mnunuzi mjanja amezaliwa juzi pamoja na sisi. Babu zetu tunawachora kama watu waliotoa pembe ya ndovu na kupewa shanga, wakaondoka wanachekelea. Picha hiyo ni ya uongo, na wanaoikanusha ni wasafiri wa Kizungu wenyewe, watu ambao hawakuwa na sababu ya kutusifu.

Karagwe ya karne ya 19 ilikuwa ufalme wenye makao yake Bweranyange. Mwishoni mwa Novemba 1861 walifika huko Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, wakapokewa na Mukama Rumanyika. Kabla ya hapo walikuwa wamekamuliwa hongo Usui kwa mtawala Suwarora; hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita njia, ukilipwa kwa nguo na nyaya za shaba. Kwa Rumanyika walipumua. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa na mguu mbovu, alibaki kwa miezi kadhaa zaidi.

Lakini hawakuwa wageni wa kwanza. Hapo Kafuro, karibu na makao ya mfalme, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliotoka Unguja kupitia Tabora. Walifuata pembe za ndovu. Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876 alimkuta Kafuro Hamed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyekuwa amekwisha kujenga na kukaa kama mwenyeji. Na tusifiche: biashara hiyo ilichukua watumwa pia. Siiandiki hapa ili kuisifu. Nataka tumwangalie mnunuzi.

Mizigo iliyopanda kutoka pwani ilikuwa hasa ya aina tatu: nguo, shanga na nyaya. Nguo yenyewe ilikuwa merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa kilichofumwa katika vinu vya Massachusetts. Wamarekani walifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 wakaweka balozi wao mdogo Unguja. Palikuwa pia na kaniki, ile ya buluu ya Kihindi. Watu wa bara walizipima kwa mkono: mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Mwenye mkono mrefu hakutumwa kuuza, alitumwa kununua!

Shanga ndizo zilizokuwa shughuli. Burton, aliyepita Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba aina zake zilikaribia 400. Stanley naye mwaka 1871, akijiandaa Unguja kumtafuta Livingstone, alilazimika kuwauliza wazoefu ni shanga zipi zinapokelewa wapi, maana nyeusi zilizopita kama pesa Ugogo hazikuwa na thamani kwingineko, na nyeupe zilizopendwa sehemu moja zilidharauliwa sehemu nyingine. Ukikosea kuchagua huku pwani, unabebesha watu mzigo miezi mitatu halafu unafika nao mahali ambapo mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi anauangalia, anautikisa mkononi, anasema: hizi hapana.

Hebu fikiri hapo. Msafara mzima wenye bunduki umekwama kwa sababu mama amekataa rangi.

Kwa nini aliweza kukataa? Je, aliwazidi elimu? Pengine katika shanga, ndiyo. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Yule mama hakuwa na njaa. Ndizi zake zilikuwa shambani, kesho zingekuwepo. Wenye njaa walikuwa wapagazi mia mbili waliokaa juani. Haraka ilikuwa upande wa muuzaji, na mwenye haraka hachagui.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka Kafuro. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, vikaendelea hadi 1865. Pamba ikapanda bei, na kitambaa cha Massachusetts kikaadimika Unguja. Nafasi yake ikachukuliwa na vitambaa vya Uingereza, na baadaye vya Bombay. Jina lakini halikubadilika. Watu waliendelea kuuliza merikani, na wauzaji waliendelea kuuza "merikani" ambayo haikuwahi kuiona Marekani. Mnunuzi aliyetegemea jina peke yake alipata jina. Aliyeshika kitambaa, akakivuta, akakinusa wanga, huyo alijua anachokinunua.

KODI HAINGOJI

Haraka ikahamia upande wetu ilipokuja serikali ya Wajerumani. Bukoba iliwekwa boma mwaka 1890. Miaka hiyo hiyo sotoka iliua ng'ombe kwa wingi katika nchi hizi za maziwa, na Karagwe, iliyojivunia ng'ombe wake, ikadhoofika. Kodi ya nyumba ikatangazwa katika koloni mwaka 1897, ikaanza kukusanywa 1898. Wakoloni walitaka rupia, na walizitaka kwa tarehe.

Kahawa ilikuwapo siku nyingi. Wazee wa Kinyambo na Kihaya waliichemsha, wakaikausha, wakaitafuna na kumkaribishia mgeni. Sasa ikageuka kuwa njia ya kupata pesa. Lakini kahawa ina msimu wake, na karani wa kodi ana msimu wake, na hiyo misimu miwili haikupatana. Katikati ya misimu hiyo akaingia mtu mwenye pesa taslimu. Hapo ndipo penye mzizi wa butura, na baada ya kodi zikafuata sababu nyingine: ada ya shule, mgonjwa, msiba, harusi, na leo kishikwambi.

Ushirika ulianzishwa kwa sehemu kubwa ili kuwakimbia watu wa namna hiyo. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kiliandikishwa mwaka 1950. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote nchini. Viliporudi, wakulima wa Karagwe wakapata chama chao wenyewe, KDCU, mwaka 1990. Wilaya ya Kyerwa ilipozaliwa mwaka 2012 kutoka Karagwe, chama kiliendelea kuhudumia pande zote mbili. Ushirika umekuwa na siku zake nzuri na siku zake mbaya, na mkulima anazijua zote. Lakini wazo lake lilikuwa sahihi: mkulima akiweza kungoja, ataweza kuchagua.

REDIO NA MAWE YAKE

Sasa turudi kwa babu. Baada ya Uhuru, pesa ya kahawa ilipopatikana, kitu cha kwanza alichokitamani mwanamume mwenye heshima kilikuwa bati la nyumba, cha pili baiskeli, cha tatu redio. Na redio zilikuwa zinashindana kweli kweli. Palikuwa na Philips, zilizoundwa Arusha. Palikuwa na National, za kampuni ya Kijapani ya Matsushita iliyofungua kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966. Zilikuja pia nyingine kutoka nje, kupitia Uganda.

Baba mdogo anasimulia kwamba babu alikwenda dukani mara tatu kabla ya kununua. Mara ya kwanza aliuliza inakula mawe mangapi. (Mawe, kwa nyinyi wa bando, ni betri kubwa zile, zikichoka unazianika juani, zinaamka kidogo.) Redio ya mawe manne ilitoa sauti nono kuliko ya mawe mawili, lakini kila mwezi ilikula mara mbili. Kwa hiyo redio ya bei nafuu ingeweza kuwa ghali, na ghali ikawa nafuu, kutegemea unasikiliza saa ngapi kwa siku. Babu alipiga hesabu hiyo bila kalamu.

Mara ya pili aliuliza kama ina masafa mafupi. Hilo kwa mtu wa Dar es Salaam lilikuwa jambo la anasa. Kwa mtu wa Karagwe ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Sisi tuko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam kwa barabara; sisi na Kampala, Kigali na Bujumbura tunasikiana kikohozi. Redio isiyo na masafa mafupi ingemnyima BBC ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1957, na Sauti ya Ujerumani iliyofuata mwaka 1963, na siku za mvua ingemnyima hata Redio Tanzania.

Mara ya tatu aliuliza nani anaitengeneza ikizimika. Kisha akanunua, kahawa ikiwa imekwisha kulipwa. Hakukopa.

Ndugu msomaji, usiyaone haya kuwa mambo madogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu ya mkoa wetu kaskazini ya mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, na Kyaka ndiyo njia yetu ya kwenda Bukoba. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kwa redio. Baba mdogo, aliyekuwa mtoto, anakumbuka ukumbi wa nyumba yao ulivyojaa majirani, mpaka wengine wakasimama migombani. Kila nyumba ilitaka kujua: tukimbie au tubaki? Siku hiyo, masafa mafupi na mawe mapya havikuwa urembo.

KILICHOPO NDICHO HICHO

Baada ya vita ikaja miaka ambayo wazee wengi hawapendi kuizungumza. Nchi ilikuwa imetumia fedha zake vitani, mafuta yamepanda, maduka yakawa meupe. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, khanga kwa kujuana. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa mitoni wasikamatwe nazo. Huku mpakani, njia za Murongo zilipitisha kahawa usiku kwenda Uganda na kurudisha vitu.

Nani angelinganisha bei na ubora wakati huo? Ukikuta redio, hukuuliza ina nini. Uliuliza tu ni kiasi gani, ukalipa, ukaificha. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza na kuwaruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena, na mitumba ikafika. Lakini miaka ile ilitufundisha tabia mbaya: kunyakua. Mpaka leo utamwona mtu anashika kitu dukani kama anayeogopa kunyang'anywa.

TARAKIMU KWENYE BOKSI

Kishikwambi, kama tunavyokijua, ni kitu kichanga. Apple walianza kuuza iPad mwezi wa nne 2010, ya bei ya chini kabisa dola 499. Mwaka huo huo Samsung wakatoa Galaxy Tab ya inchi 7, iliyotumia laini ya simu. Mwaka 2012 Google wakaleta Nexus 7 kwa dola 199, bei ikaanza kushuka, na baada ya hapo viwanda vya China vikafungua mlango kwa watu wa kipato chetu.

Kwetu wengi walikishika mara ya kwanza, au walikiona kikishikwa, wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba navyo. Vikatumika zaidi ya laki mbili, kisha mwishoni mwa mwaka huo serikali ikaanza kuvigawa kwa walimu. Neno "kishikwambi" lenyewe, ambalo watu walilicheka, likazoeleka kwa bibi na mjukuu.

Na merikani ya Bombay nayo imerudi! Boksi linasema gigabaiti 64. Ndani ziko kumi na kitu. Jina la kampuni kubwa limeandikwa kwa herufi moja iliyokosewa. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, na waliolia wengi hawakuwa wezi, walikuwa wanunuzi waliotegemea jina. Dawa ipo: kifaa kinachotumia laini kina namba yake ya utambulisho, ukibonyeza *#06# inatokea, nayo ifanane na ile ya kwenye boksi. Kisha fungua mipangilio, usome hifadhi iliyomo kweli, siyo iliyochorwa nje. Huko ndiko kuvuta kitambaa na kukinusa wanga.

Linganisha maswali ya baba mdogo na ya babu, utaona ni yale yale. Mawe mangapi? Leo ni betri na chaja. Kule kwetu umeme umetoka Uganda kwa miaka mingi na ukikatika unakatika. Vijiji vingi vinategemea sola, na kazi hiyo ina mafundi wake tangu KARADEA walipoanza kuwafundisha hapa Karagwe miaka ya 1990. Masafa mafupi? Leo ni laini: kishikwambi cha waifai peke yake, bondeni Kaisho, ni kioo cha kujitazamia. Fundi? Fundi ni yule yule, amebadilisha vyuma tu. Bado kuna la kufunguka miaka mitatu ijayo. Hilo ndilo jipya, maana redio ya babu haikuzeeka kwa sababu kiwanda kimeamua kuisahau. Kishikwambi chenye mfumo wa zamani kinaweza kuwa kizima kabisa na bado programu za chuo zikakikataa.

TULIVYORUDI NKWENDA

Kwa maswali yale, cha inchi 10 kilishinda. Kile cha bei ya chini hakikuwa na nafasi ya laini, na mfumo wake ulikuwa wa zamani. Mimi nikasema tununue. Nikasema zaidi, na leo naona haya: nikamwambia baba mdogo akubali zile pesa za butura, elimu haina bei.

Akatembea kidogo bila kusema. Kisha akasema: "Elimu haina bei, lakini kahawa inayo. Yule bwana anajua dada yako anaanza chuo mwezi wa tatu. Ndiyo maana kaja mwezi wa pili."

Hatukununua. Dada yangu alianza chuo na daftari na simu ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni. Yeye hakufurahi, na sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Miezi minne aliazima kishikwambi cha mwenzake usiku, mwenzake akishalala. Kuna kazi moja aliichelewesha, akapoteza alama. Hiyo nayo ni gharama, na butura huishi kwa sababu gharama hiyo ni ya kweli.

Mwezi wa saba kahawa ililipwa. Baba mdogo alirudi Kayanga peke yake, bila mimi na bila daftari langu. Bei ya cha inchi 10 ilikuwa imeshuka, 395,000. Akabonyeza nyota reli sifuri sita reli, akafananisha na boksi, akalipa. Magunia mawili yaliyobaki yalilipa ada ya muhula uliofuata.

Nyinyi mnaoandika, na mnaotaka kuandika, nawapa kazi moja. Tukiandika historia tunakimbilia wafalme, vita na mikataba. Mwendee bibi au babu yako, mwulize kitu cha kwanza alichonunua kwa pesa yake: alikilinganisha na nini, aliuliza nini, na siku ile nani alikuwa na haraka, yeye au muuzaji. Andika jibu. Ukimaliza, utakuwa na ukurasa wa historia ambao haumo katika kitabu chochote.

Mimi nimeanza na wa kwangu. Redio ya babu bado ipo, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha merikani.